London hadi Tokyo: kwa nini kikokotoo kinasema saa 11 na tiketi inasema karibu saa 14?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Januari nitasafiri kutoka London Heathrow kwenda Tokyo Haneda. Nimeingiza viwanja hivyo viwili kwenye kikokotoo cha umbali mtandaoni, kikanipa km 9,590 na muda wa saa 11 na dakika 10. Tiketi niliyokata inasema kwenda ni saa 13 na dakika 50 na kurudi ni saa 14 na dakika 30, na safari zote mbili ni za moja kwa moja. Umbali si uleule? Hizo saa tatu zinapotelea wapi? Tena rafiki yangu aliyewahi kusafiri njia hiyo ananiambia kwamba wakati wa kurudi London ndege yao ilipita Alaska. Sikumwelewa, maana Alaska naiona iko upande mwingine kabisa wa ramani. Naomba pia unionyeshe namna ya kupiga hesabu hii mwenyewe. Na la mwisho: nikifika Haneda nataka kuunganisha ndege ya ndani niliyoikata kwa tiketi tofauti, inayoondoka saa moja na nusu baada ya kutua kwangu. Muda huo utatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, kikokotoo hakijakosea na tiketi nayo haijakosea. Kikokotoo kimepima uso wa dunia kutoka nukta moja hadi nyingine, basi. Tiketi imehesabu njia ambayo ndege inaruhusiwa kupita, upepo itakaokutana nao, na muda wote kuanzia getini London hadi getini Tokyo. Mimi kazi yangu ni kupanga safari za ndege za masafa marefu. Saa chache kabla ya ndege kuondoka tunakaa na ramani za upepo, ilani kwa marubani na makadirio ya uzito, tunachora njia na kukokotoa mafuta. Kwa hiyo pengo hilo la saa tatu ndilo ninaloshughulika nalo kila ninapoingia zamu, na nitakuonyesha linatoka wapi.

Nianze na hesabu uliyoomba, kwa sababu ukishaijua utaweza kuipiga kwa viwanja vyovyote viwili duniani. Unahitaji latitudo na longitudo za viwanja vyako na kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Heathrow iko latitudo 51.47 kaskazini, longitudo 0.45 magharibi. Haneda iko latitudo 35.55 kaskazini, longitudo 139.78 mashariki. Kwa kuwa moja iko magharibi na nyingine mashariki, longitudo unazijumlisha: tofauti ni digrii 140.23. Sasa zidisha sin ya latitudo ya kwanza kwa sin ya latitudo ya pili: 0.7823 × 0.5814, unapata 0.4548. Kisha zidisha cos ya latitudo ya kwanza kwa cos ya latitudo ya pili kwa cos ya ile tofauti ya longitudo: 0.6229 × 0.8136 × −0.7686, unapata −0.3895. Jumlisha majibu hayo mawili, inabaki 0.0653. Tafuta pembe ambayo cos yake ni hiyo. Ni digrii 86.26. Kila digrii moja ya mzunguko wa dunia ina takriban km 111.2, kwa hiyo zidisha, na hapo ndipo zinapotoka km 9,590 zako.

Ukikuta kikokotoo kingine kinatofautiana na hiki kwa kilomita kumi au ishirini, usihangaike. Hesabu niliyokupa inaichukua dunia kama tufe kamili, ilhali imebonyea kidogo kwenye ncha: nusu kipenyo chake ni km 6,378 kwenye ikweta na km 6,357 kwenye ncha. Angalia tu vipimo vya maili. Sisi kwenye usafiri wa anga tunatumia maili ya baharini, ambayo ni km 1.852, na kwa maili hizo London hadi Tokyo ni karibu 5,180. Tovuti nyingine zinatumia maili ya nchi kavu, km 1.609, na kwa maili hizo safari ileile inakuwa karibu 5,960. Nimeona watu wakichukua namba ya kipimo kimoja na kuigawa kwa kasi ya kipimo kingine, kisha wanashangaa majibu.

Mstari uliopimwa hapo ni kipande cha duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote kwenye uso wa tufe. Kama una tufe la ramani, vuta uzi kati ya London na Tokyo uone unavyokaa. Hauendi mashariki moja kwa moja kama macho yanavyotarajia kwenye ramani ya ukutani. Unatoka London kwa uelekeo wa digrii 31, yaani kaskazini-mashariki ukielemea zaidi kaskazini, unapanda hadi latitudo 71, ndani kabisa ya Aktiki, jirani na rasi ya Yamal nchini Urusi, kisha unateremka juu ya Siberia hadi Japani. Ukichora mstari ulionyooka kwenye ramani bapa na kuufuata kwa uelekeo mmoja wa dira bila kugeuza, utasafiri km 11,350. Hizo ni km 1,760 zaidi, kwa sababu tu ya kuiamini ramani bapa. Uzi huo ndio utakaokusaidia kuielewa habari ya Alaska pia, kwa hiyo usiurudishe droo bado.

Muda wa kikokotoo nao una hesabu rahisi. Kimegawa km 9,590 kwa kasi ya km 900 kwa saa, kikapata saa 10 na dakika 40, kisha kikaongeza nusu saa ya kupaa na kushuka. Hiyo kasi ya 900 si ya kubahatisha. Ndege kubwa za masafa marefu za siku hizi husafiri kwa Mach 0.85 hivi, yaani asilimia 85 ya kasi ya sauti. Katika kimo cha kilomita 11 hewa huwa na baridi ya nyuzi −56 hivi, na kwenye baridi hiyo sauti husafiri km 1,062 kwa saa. Asilimia 85 yake ni km 903. Hadi hapo kikokotoo chako kiko sawa kabisa.

Kasoro inaanzia kwenye njia. Ule uzi unapita juu ya Urusi kwa sehemu kubwa ya safari. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zilizifungia ndege za Urusi anga lao, na Urusi ikajibu kwa kuwafungia wao la kwake. Mashirika ya Japani nayo yakaacha kupita huko. Kabla ya hapo safari hii ilikuwa ya saa 12 hivi, pungufu kidogo wakati wa kwenda na zaidi kidogo wakati wa kurudi. Tangu wakati huo, ndege inayotoka London kwenda Tokyo inapaswa kuizunguka Urusi, na njia zenyewe ziko mbili: kusini kupitia Asia ya Kati, au kaskazini kupitia Aktiki ya upande wa Amerika.

Tuipime ya kusini kwa kanuni ileile, hatua kwa hatua. London hadi Bucharest ni km 2,100. Bucharest hadi Tbilisi, kwa kupita Bahari Nyeusi, km 1,560. Tbilisi hadi Almaty, kwa kuvuka Bahari ya Kaspi na Kazakhstan, km 2,610. Almaty hadi Beijing km 3,270. Beijing hadi Haneda km 2,090. Jumla inakuja karibu km 11,630. Ndege haipiti juu kabisa ya kila mji niliotaja, lakini umbo la njia ni hilo na jumla haiachani sana na hiyo. Umeongeza zaidi ya km 2,000 juu ya ule uzi, na kwa kasi ya 900 hizo peke yake ni saa mbili na robo. Hapo sehemu kubwa ya saa zako zilizopotea imeshapatikana.

Njia ya kaskazini ni ndefu zaidi. Haneda hadi Anchorage huko Alaska ni km 5,560, na Anchorage hadi London, kwa kupita kaskazini mwa Kanada na Greenland, ni km 7,200. Jumla km 12,760. Vuta uzi wako kwenye tufe uione: Alaska ambayo kwenye ramani ya ukutani umeiona pembeni kabisa kushoto, kwenye tufe ni jirani wa Japani kwa upande wa pili wa Pasifiki ya kaskazini. Ramani imeikata dunia katikati ya Pasifiki, ndiyo maana unaziona nchi hizo kama zimeachana.

Na njia hiyo si ngeni. Tarehe 24 Februari 1957 SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, lilianzisha safari ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia Anchorage, kwa sababu wakati huo anga la Urusi ya Kisovieti lilikuwa limefungwa kwa ndege za nchi za Magharibi. Kwa miaka mingi Anchorage ilikuwa kituo cha kujaza mafuta kwa safari za Ulaya na Japani, hadi Siberia ilipofunguliwa na ndege zenye uwezo wa kwenda mbali zaidi zikapatikana. Kilichobadilika sasa ni kwamba ndege haihitaji tena kutua pale. Inapita juu.

Sasa kwa nini mtu achague km 12,760 wakati zipo km 11,630? Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo kilipo kiini cha swali lako. Ndege inasafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Katika latitudo hizi, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kwa kasi kubwa mno, na karibu na Japani wakati wa baridi ni miongoni mwa mikali zaidi duniani. Unaweza kupita km 300 kwa saa. Mwanasayansi wa Kijapani Wasaburo Oishi aliupima miaka ya 1920 kwa kurusha baluni kutoka kituo cha Tateno, akaandika matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumike kimataifa, akitumaini dunia nzima itayasoma. Ni wachache sana waliomsikia. Marubani wa Vita Kuu ya Pili waliokwenda juu ya Japani walikutana na upepo huo wakiwa hawakuutarajia.

Chukua siku moja ya Januari kwa mfano. Namba za upepo nimeziweka mwenyewe ili uone hesabu inavyokwenda, lakini ni za kawaida kwa msimu huo. Ndege inatoka Tokyo kurudi London. Ikipita kusini, inaelekea magharibi, upepo unaipiga usoni kwa wastani wa km 80 kwa saa njia nzima. Kasi yake kuhusiana na ardhi inashuka hadi 820, na km 11,630 zinachukua saa 14 na dakika 11. Ikipita kaskazini, inaondoka Tokyo ikielekea mashariki juu ya Pasifiki, ule mkondo unaisukuma mgongoni, na kwa wastani wa safari nzima inapata nyongeza ya km 50. Kasi inakuwa 950, na km 12,760 zinachukua saa 13 na dakika 26. Njia iliyo ndefu kwa zaidi ya km 1,100 imefika dakika 45 mapema, na kwa kuwa injini zinanywa mafuta kwa muda zinaofanya kazi, imetumia mafuta pungufu pia.

Ndiyo maana ofisini kwetu namba tunayoitazama kwanza ni umbali wa hewani, yaani kilomita ambazo ndege itakata ndani ya hewa yenyewe. Unaupata kwa kuzidisha muda wa angani kwa kasi ya ndege katika hewa tulivu. Katika mfano huu njia ya kusini ina umbali wa hewani wa karibu km 12,770, na ya kaskazini karibu km 12,090. Kwa macho ya mpangaji, ya kaskazini ndiyo fupi. Wakati wa kiangazi cha huko, yaani katikati ya mwaka, upepo unalegea: tuseme wa usoni kusini ni km 30 tu, na wa mgongoni kaskazini ni km 20. Piga hesabu tena, utakuta kusini ni saa 13 na dakika 22, kaskazini ni saa 13 na dakika 52, na uamuzi unageuka. Haya yanapimwa upya kila siku, kwa kila safari, na wakati mwingine ndege mbili zinazoondoka siku moja kwenda mji mmoja zinaelekezwa njia tofauti.

Wakati wa kwenda, London hadi Tokyo, mara nyingi Asia ya Kati ndiyo inayoshinda, maana unaelekea mashariki na upepo unakusindikiza kwenye njia iliyo fupi. Kwa hiyo inawezekana kabisa uende kwa kuruka kuelekea mashariki, kisha urudi pia kwa kuondoka kuelekea mashariki, kupitia Alaska na Greenland. Ukifika nyumbani utakuwa umeizunguka dunia nzima. Rafiki yako alikuambia kweli.

Umbali na upepo si kila kitu. Njia ya kaskazini ina masharti yake. Ndege ya injini mbili haipaswi kwenda mbali na uwanja wa dharura kupita muda iliyoidhinishiwa kuruka kwa injini moja. Kwa Boeing 787 muda huo unaweza kufika dakika 330, na Airbus A350 inaweza kuidhinishwa hadi dakika 370, lakini shirika lenyewe nalo lazima liwe na kibali. Kwa hiyo tunahakikisha kwamba viwanja vya njiani kama Anchorage, Iqaluit (kaskazini mwa Kanada) au Keflavik (Iceland) viko wazi na hali ya hewa yake inaruhusu kutua. Jambo jingine ni baridi ya mafuta. Mafuta ya ndege ya aina ya Jet A-1 huanza kuganda kwenye nyuzi −47, na yale ya Jet A yanayotumika zaidi Amerika kwenye nyuzi −40. Ndege ikikaa saa nyingi kwenye hewa ya Aktiki, mafuta yaliyomo kwenye mabawa yanapoa polepole, na marubani wanaitazama joto yake kwenye skrini. Ikikaribia kikomo wanashuka kimo au wanaongeza kasi, kwa sababu msuguano wa hewa hulipasha bawa joto kidogo. Na kila moja ya hatua hizo inabadilisha muda wa kufika.

Kitu kingine kinachopandisha namba ya tiketi ni kwamba muda uliochapishwa pale ni wa geti hadi geti. Unahesabu kusukumwa nyuma, kusubiri foleni ya kuruka (na Heathrow ina foleni), kupaa, kushuka, na kutembea hadi kwenye maegesho. Dakika 20 upande mmoja na 10 upande wa pili ni kawaida, na mashirika huweka na akiba kidogo juu yake ili ratiba isivunjike kila siku.

Halafu uwe makini na saa za tiketi, maana zote ni za mahali husika. Januari Japani iko mbele ya Uingereza kwa saa 9. Tiketi ikisema 11:00, yaani saa 5:00 asubuhi ya London, ongeza saa 13 na dakika 50 unapata 00:50, kisha ongeza 9: unafika 09:50, saa 3:50 asubuhi ya siku inayofuata kwa saa za Tokyo. Ukirudi, ukiondoka Haneda 09:00, ongeza 14:30 unapata 23:30, toa 9, unatua London 14:30, saa 8:30 mchana wa siku ileile. Kwenye kalenda safari ya kurudi inaonekana ya saa tano na nusu. Kuanzia mwisho wa Machi Uingereza inasogeza saa zake mbele na tofauti inakuwa 8, Japani haisogezi.

Usishangae pia ukikuta shirika la China linatoka London kwenda Beijing au Shanghai kwa muda mfupi kuliko shirika la Ulaya. Mashirika ya China bado yanapita juu ya Urusi. Viwanja ni vilevile, umbali wa kikokotoo ni uleule, na njia ni nyingine.

Sasa ile ndege ya ndani. Saa moja na nusu haitoshi, ndugu yangu, na ningekusihi uibadilishe mapema kabla bei haijapanda. Muda wa kufika kwako unategemea upepo wa siku ile: mkondo ukiwa mkali unaweza kutua mapema, ukilegea au ukihamia mbali na njia yenu unaweza kuchelewa nusu saa bila mtu yeyote kufanya kosa. Ukishatua unapita uhamiaji, unachukua mzigo wako, unapita forodha, na kwa kawaida unahama kutoka jengo la 3 la safari za kimataifa kwenda jengo la 1 au la 2 la safari za ndani kwa basi la uwanja, kisha unakabidhi mzigo upya. Kwa kuwa tiketi zako ni mbili tofauti, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukupa nafasi nyingine bure. Mimi ningeacha saa tatu kamili kwa uchache, na kama ndege inayofuata ipo jioni kwa tofauti ndogo ya nauli, ningechukua hiyo. Siku ya safari, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, fungua programu ya kufuatilia ndege uitafute safari ya namba hiyohiyo iliyoondoka siku iliyotangulia. Utaona ilipita wapi na ilichukua muda gani angani, na makadirio hayo yatakuwa karibu zaidi na ukweli kuliko kikokotoo chochote cha umbali.